Nondo wa kijani kwa bustani yako Nairobi: mwongozo kamili wa kumjua ni nani

Mvua zikishashika wiki mbili tatu hapa Nairobi, grupu za WhatsApp za mtaa zinaanza kujaa picha za mdudu wa kijani ameganda kwa ukuta wa veranda chini ya taa, na maswali ni yale yale, huyu ni nani, ana sumu, atanimalizia maua? Ni maswali mazuri kabisa, kwa hivyo nimeandika yote ninayojua, hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye bustani ya kawaida, iwe ni nusu ekari Karen ama makopo matano kwa balkoni Umoja.

Kitu kimoja ushike kabla hatujaanza. Rangi ya kijani ndio itakuvutia lakini ndio itakusaidia kidogo zaidi. Nondo wa kijani tulionao wanatoka kwa familia nyingi zisizokaribiana kabisa, alafu hiyo kijani yenyewe inafifia, inageuka manjano, taa ya nyumba inaigeuza kahawia, na kuna spishi moja ambayo ni kijani msimu mmoja na rangi ya majani makavu msimu mwingine. Vitu vitatu ndio vinakupa jina: vile ameketi, umbo la mabawa, na mmea ulio hapo karibu. Ukizoea kuangalia hivyo vitatu kabla ya rangi, utashangaa vile mambo yanakuwa rahisi.

Hatua ya 1: hakikisha ni nondo kweli

Kwa taa za usiku huja wadudu wa kijani wa kila aina. Panzi na senene utawajua haraka kwa ile miguu mirefu ya nyuma ya kuruka. Anayechanganya watu ni yule mdogo mwembamba, kijani hafifu, macho yanang'aa dhahabu, mabawa marefu yanayoonyesha upande wa pili na yamejaa vishipa vya kijani. Huyo sio nondo, ni wa familia ya Chrysopidae, na watoto wake wanakula vidukari, kwa hivyo kama umepanda sukuma wiki muache kabisa, anakufanyia kazi bure. Nondo mabawa yake yamefunikwa na magamba madogo sana, ukimgusa kidogo yanabaki kwa kidole yakiwa unga.

Mchana tatizo ni vipepeo. Kuna Papilio phorcas, mkubwa, mweusi na kijani cha kung'aa, wa misitu ya nyanda za juu, na akivuka kutoka msituni akaingia kwa maua yako ni rahisi kusema umeona nondo. Angalia papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Za kipepeo zinaisha na kifundo kidogo. Za nondo ni nyuzi tupu, ama zimechanua pande zote mbili kwa vinyweleo, ama ni nene na ncha imepinda kidogo. Usitegemee tu kwamba ni usiku ama mchana, manake kuna nondo wa kijani wa mchana hapa kwetu na nitakufikisha kwake.

Na kingine, kiwavi wa kijani haimaanishi nondo wa kijani. Kile kiwavi kinono chenye pembe mkiani kwa majani ya viazi vitamu ni Agrius convolvuli, na akikomaa anatoka nondo wa kijivu mwenye michirizi ya waridi kwa tumbo. Kile cha kijani kwa mlimau kinachotoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali ukikigusa, hicho ni kipepeo, Papilio demodocus. Wengi wanaua hivyo vyote wakidhani ni kitu kimoja.

Hatua ya 2: zunguka bustani mchana, andika mimea

Watu wengi wanaruka hii hatua wanakimbilia taa, na hii ndio inafanya kazi kubwa kuliko zote. Nondo jike hatagi mayai popote, anatafuta mmea ambao watoto wake wanaweza kula, na nondo wengi wanachagua mimea michache tu. Kwa hivyo orodha ya mimea yako ni nusu ya orodha ya nondo wako.

Chukua kijitabu uzunguke ukiandika, na usisahau ua wa fensi na kile kimejimea chenyewe huko nyuma ya tanki. Hii ndio mimea ya kuangalia kwa macho makali, na nondo nitakaowataja hapa kwa majina, sura zao nitakueleza kwa Hatua ya 4.

Olianda, pamoja na yale maua ya petali tano, ya waridi ama meupe, ambayo kila muuza miche wa kando ya barabara anayo, Catharanthus roseus. Hapo tafuta kiwavi wa Daphnis nerii. Usianze na majani, anza na ardhi. Chini ya mmea utaona mavi yake, vidonge vikubwa vyenye mifereji kwa urefu, vikiwa vipya ni kijani na vikikauka vinakuwa vyeusi, alafu inua macho polepole kutoka hapo kwenda juu kwa matawi yaliyobaki bila majani. Utamkuta amelala chini ya tawi, mnene kuliko kidole, kijani laini, ubavuni ana mstari mweupe uliozungukwa na vidoti vyeupe, na nyuma tu ya kichwa ana duara mbili za bluu na nyeupe zenye ukingo mweusi. Mtikise kidogo, anaingiza kichwa ndani na hizo duara zinavimba zinakukodolea macho. Ndege wanaogopa na watoto wanapiga nduru lakini hana la kukufanya. Mmea wenyewe ndio hatari, utomvu wa olianda ni sumu kali, nawa mikono vizuri ukishaushika na usiache mtoto mdogo acheze na majani yake. Ukimkuta kiwavi amegeuka kahawia sio mgonjwa, anajiandaa kushuka chini awe pupa, yaani ile hatua ya kutulia bila kula kabla ya kutoka nondo.

Mzabibu na mimea ya kutambaa ya familia yake, jenasi ya Cissus: Euchloron megaera. Pentasi na magugu ya familia ya kahawa: Basiothia medea. Gadenia na miti ya kahawa yenyewe, na hii iko sana ukienda upande wa Kiambu na Ruiru ambako bado kuna mashamba: Cephonodes hylas. Haibiskasi na bamia: Earias, huyu mdogo kiwavi wake anatoboa anaingia ndani ya tumba la ua ama ndani ya bamia, kwa hivyo tafuta shimo lenye uchafu mlangoni. Na kwa kahawa tena kuna Parasa vivida, ambaye kiwavi wake anawasha vibaya sana, nitamrudia.

Wadogo wa familia ya Geometridae wanakula vitu vingi tofauti. Kwao tafuta kile kiwavi chembamba kinachotembea kwa kujikunja mgongo, kinasimamisha katikati juu alafu kinajinyoosha mbele. Kikiona hatari kinasimama wima kwa tawi na huwezi kukitofautisha na kijiti.

Hatua ya 3: taa na shuka

Vifaa ni shuka nyeupe, kamba, vibanio na balbu. Funga shuka kwa kamba ya nguo ama kwa ukuta, ishuke mpaka chini na ikunjuke kidogo kwa ardhi manake wengine wanatua chini hawapandi. Balbu nyeupe inayoelekea bluu inavuta nondo wengi kuliko ya manjano, na kama utapata ile ya mwanga wa urujuanimno (UV) ni bora zaidi, lakini usiiangalie moja kwa moja. Zima taa zingine za nyumba. Kama una taa ya usalama kwa geti ambayo haizimwi, hiyo tayari ni kituo, na ongea vizuri na soja wa usiku, muombe akuachie picha ya chochote cha kijani, yeye ndiye yuko macho saa nane za usiku wakati wewe umelala.

Usiku mzuri ni ule wa joto joto, mawingu, hakuna upepo, mwezi haujatoka, na mvua imenyesha mchana. Kwetu hapa hiyo ni Aprili na Mei, alafu tena Novemba mpaka Desemba. Julai na ile baridi yake utakaa hapo nje ukiwa na koti mbili uone wachache sana. Anza giza likiingia, saa kumi na mbili na nusu hivi, na wakati huo simama karibu na maua yenye harufu, yasmini, petunia, tarumbeta zile nyeupe, manake wale wakubwa wanapita hapo kunyonya kabla ya kuja kwa taa, na wengine hawaji kwa taa kabisa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Taa hiyo hiyo inavuta Nairobi flai, yule mdogo mwembamba, hafiki hata sentimita moja na nusu, mwekundu na mweusi kwa zamu. Ni aina ya mbawakawa, hang'ati, lakini ndani ya mwili wake kuna sumu inaitwa pederin na ukimponda kwa ngozi unapata vidonda vya malengelenge siku moja ama mbili baadaye, na akifika kwa jicho ni shida kubwa. Akikutua mpulize aondoke, usimpige. Vaa mikono mirefu, funga kola, usisugue macho, na kama umemponda nawa mara moja na sabuni na maji mengi. Shuka ikung'ute kabisa kabla ya kuirudisha ndani. Msimu wa mvua wakiwa wengi mimi nasema acha watoto waangalie kupitia dirisha.

Ile mashine ya taa ya bluu inayoua wadudu kwa umeme usiiweke. Inaua nondo wako wote na haipunguzi mbu vile watu wanadhani. Na zima taa kabla ya alfajiri, la sivyo ndege watapanga laini kwa hiyo shuka na wote uliowapata watakuwa kiamsha kinywa.

Hatua ya 4: soma vile ameketi

Hapa ndio kazi yenyewe. Kabla hujamgusa, kabla hujamsogelea na simu, simama umuangalie tu alivyotua. Kila kundi lina namna yake ya kukaa na haibadiliki sana.

Amejilaza bapa kwa ukuta, mabawa yote manne yamefunguka na yanaonekana, mwili mwembamba, upana sentimita 2 mpaka 4: Geometridae, ukoo wa Geometrinae. Hawa ndio nondo wa kijani utakaowaona mara nyingi zaidi Nairobi nzima. Kijani chao kinafanana juu mpaka chini, mara nyingi na mistari miwili myembamba myeupe inayovuka kutoka bawa la mbele mpaka la nyuma, wengine na kidoti kidogo katikati ya kila bawa, wengine ukingo una vidoti vya nyekundu ama kahawia. Ukitaka kwenda chini zaidi angalia mambo manne: mistari imenyooka ama ina mawimbi, ukingo wa bawa la nyuma ni mviringo ama una kona inayochomoza, nywele za ukingoni ni kijani tupu ama zina madoa, na uso wake, yaani hapo mbele katikati ya macho, ni rangi gani, manake mara nyingi ni nyekundu ama kahawia na hiyo picha kutoka mbele karibu hakuna mtu huipiga. Jenasi moja kubwa hapa Afrika ni Prasinocyma, na nakuambia wazi, ndani yake spishi zinafanana mpaka wataalamu wanafungua tumbo waangalie viungo vya uzazi kwa darubini ndio waseme ni yupi. Kwa hivyo ukiandika Geometrinae ukaachia hapo, hilo ni jibu kamili na la heshima.

Na hawa ndio ile kijani inafifia sana. Akiloa ama akizeeka anageuka manjano manjano, kisha rangi ya chai ya maziwa. Ukimuona nondo mwembamba amejilaza bapa, rangi ya krimu, na mistari miwili myeupe bado iko, usikimbilie kusema ni spishi nyingine. Kumbuka umbo.

Mnene, mabawa membamba marefu yamerudi nyuma, kwa juu unaona umbo la ndege ya kivita: Sphingidae. Hapa kijani ni wanne wa kukariri. Daphnis nerii, upana sentimita 9 mpaka 11, kijani za viwango tofauti zimechanganyika na mikanda ya waridi na nyeupe, na karibu na bega kuna kiraka cheupe chenye doti la kijani iliyokolea katikati. Huyu anasafiri, kuna wanaotoka Afrika wanavuka mpaka Ulaya kusini kila kiangazi chao, kwa hivyo usidharau huyo aliyelala kwa mlango wa choo. Euchloron megaera, mkubwa pia, kijani moja iliyokolea bila marembo mengi, lakini akifungua mabawa yale ya nyuma ni manjano ya chungwa yenye weusi. Basiothia medea ukimuona utadhani ni mtoto wa huyo wa pili, kijani juu na chungwa nyuma, lakini ni karibu nusu yake tu. (Nondo hakui akishatoka kwa pupa, huo ndio ukubwa wake mpaka afe, kwa hivyo mdogo ni spishi nyingine.) Tofauti ya hawa wawili ni rula inakupa, ndio maana nasisitiza vipimo.

Wa nne ndiye wa mchana niliyekuahidi, Cephonodes hylas. Mabawa yake ni wazi kabisa, unaona ng'ambo, na mwili umejaa manyoya ya kijani ya zeituni, tumbo lina mkanda wa rangi ya damu ya mzee na mkiani kishungi cheusi. Anasimama hewani mbele ya ua bila kutua, mrija mrefu umeingia ndani, na anavuma. Watu wanaapa wameona nyuki mkubwa ama ndege mdogo. Akitoka tu kwa pupa mabawa yake huwa na magamba ya kijivu, yanapukutika safari ya kwanza tu akianza kupiga mabawa. Kama una gadenia na jua limetoka baada ya mvua, simama hapo asubuhi.

Ameinua mabawa yameshikana juu ya mgongo mfano wa paa la mabati, mdogo, sentimita 2 tu ukimfungua: Earias, familia ya Nolidae. Bawa la mbele ni kijani, wengine lina doa la kahawia, la nyuma ni jeupe la hariri. Earias insulana ndiye yule wa kubadilika, wakati wa unyevu anatoka kijani, wakati wa ukavu anatoka manjano ama rangi ya nyasi iliyokauka. Huyu ndiye mmoja kwa hii orodha yote ambaye mkulima wa bamia ana haki ya kumlalamikia. Dawa yake ya kwanza ni kuchuma bamia na tumba zilizotobolewa na kuziharibu, sio kupiga sumu bustani nzima.

Mfupi mnene, manyoya mengi kifuani na miguuni, kijani na kahawia kwa vipande vilivyokatwa wazi, mara nyingi kijani katikati na kahawia ukingoni: Limacodidae, na kwa kahawa ni Parasa vivida. Nondo mwenyewe hana shida, mshike tu. Kiwavi wake ndiye wa kuheshimu, mfupi bapa, miguu huioni, amejaa vishungi vya miiba na ikikuchoma inaunguza kweli. Ikikupata bandika selotepu hapo uivute ili miiba itoke, alafu nawa, na kama unavimba uso ama kupumua kunakuwa ngumu nenda hospitali bila kungoja. Kifukofuko chake ni kigumu, cha mviringo, kimegandishwa kwa tawi.

Pembetatu pana, amejilaza, mwili mwembamba mrefu, kijani hafifu ya kung'aa inayokaribia kupitisha mwanga, na ukingo wa mbele umechorwa mstari mwembamba wa chungwa ama kahawia: Parotis, familia ya Crambidae. Watu wanamchanganya na Geometrinae kila mara. Tofauti utaipata kwa mdomo, Parotis ana vipapasio vya mdomo vinavyochomoza mbele, na kwa mkia, ambao mara nyingi una kishungi cheusi.

Alafu kuna wale wa picha zinazozunguka mitandaoni, ambao kila mtu anauliza kama wako Nairobi. Argema mimosae, kijani ya manjano, mikia miwili mirefu, upana sentimita 10 mpaka 12, ni wa maeneo makavu ya chini yenye miti ya mng'ongo, kwa hivyo mtafute ukienda huko. Akishakomaa hali kitu kabisa, mdomo wake haufanyi kazi, anaishi siku chache tu. Na Chrysiridia croesus, wa mchana, mweusi na kijani cha chuma kinachobadilika ukimzungusha, huyo ni wa pwani. Usiangushwe na apu ya kutambua viumbe ikikuambia umempata kwa ukuta South B.

Hatua ya 5: picha na vipimo

Piga picha nne. Ya juu moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na ukuta. Ya ubavu. Ya uso. Na ya chini ya mabawa, ambayo utaipata akiwa ametua kwa kioo cha dirisha, zunguka tu upande wa pili. Kwa wale wa Sphingidae jaribu pia kupata bawa la nyuma, sukuma polepole bawa la mbele na kijiti laini.

Weka rula kwa fremu. Sarafu pia ni sawa bora useme ni ya shilingi ngapi. Kwa nondo aliyekunja mabawa pima bawa la mbele peke yake, kutoka begani mpaka nchani, hicho ndio kipimo watu wa nondo hutumia.

Rangi sasa. Chini ya balbu ya manjano kijani kinageuka kahawia na hakuna mtu atakusaidia. Weka kipande cha karatasi nyeupe kando yake, kama karatasi kwa picha inaonekana manjano basi na nondo usimuamini. Njia nzuri ni kumfunika na kikombe kisafi cha plastiki, uteleze karatasi chini, umuweke mahali penye giza na baridi mpaka asubuhi, alafu umpige picha kwa kivuli nje. Akiwa na fujo, friji dakika kumi hivi, sio friza, atatulia akupe muda. Kisha mrudishe kwa majani mazito, sio kwa ukuta mweupe.

Kando ya kila picha andika tarehe, saa, hali ya hewa, taa ya aina gani, ameketi vipi, na mmea ulio karibu.

Hatua ya 6: mlee kiwavi

Hii ni ya hiari lakini ndio njia ya uhakika kuliko zote, hasa kwa wale wadogo wasiotambulika. Mkebe wenye hewa, kitambaa cha neti juu, karatasi ya shashi chini, na majani mapya kila siku ya mmea ule ule uliomkuta. Usimbadilishie, atakufa njaa majani yamejaa mbele yake. Toa mavi kila siku kabla ya ukungu. Wa Sphingidae akianza kugeuka rangi na kuzunguka zunguka bila kula muwekee udongo mkavu kiasi na majani yaliyokufa, hapo ndio atajificha awe pupa. Ngoja wiki mbili tatu, baridi ikiwa kali inaenda zaidi. Simamisha vijiti ndani, manake akitoka lazima apande aning'inie mabawa yanyooke, akikosa pa kupanda yanakauka yakiwa yamekunjamana na haruki maisha yake yote. Wakati mwingine badala ya nondo wanatoka nyigu wadogo ama nzi, ni wale wanaotaga ndani ya kiwavi. Wapige picha nao pia.

Hatua ya 7: tafuta jina, na ukikwama

Weka picha kwa iNaturalist, apu ya kutambua viumbe kwa picha. Apu itapendekeza majina, lakini imefunzwa kwa picha za dunia nzima na nchi zenye picha nyingi zinavuta upande wao, ndio maana nondo mwenye mikia wa kwetu anaitwa Actias luna, ambaye ni wa Amerika Kaskazini. Ukipewa jina la spishi, lichukue ukaliangalie kwa Afromoths, hifadhidata ya nondo wa Afrika kusini mwa Sahara, uone kama amewahi kurekodiwa Kenya. Kama hayuko, panda juu kwa jenasi ama familia uache hapo. Na ficha eneo, apu ina mpangilio wa kutoonyesha nukta yako kamili, hakuna haja dunia nzima ijue geti lako liko wapi.

Kwa msaada wa binadamu tuna bahati kuishi mji huu. Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu. Nature Kenya, ambayo ilianzishwa 1909 kama chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki, ina wanachama wanaopenda kila kitu chenye mabawa na wengi watakujibu kwa moyo. Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichoanzisha Thomas Odhiambo 1970, ingawa wao zaidi ni wadudu wa mazao na magonjwa, kwa hivyo waendee ukiwa na swali la Earias kwa bamia ama Parasa kwa kahawa.

Ukiuliza mtu yeyote kati ya hawa usitume picha moja ya mbali yenye maneno "huyu ni nani". Tuma mahali kwa jina la mtaa, tarehe, urefu wa bawa la mbele, picha ya juu na ya chini, na mmea. Na kama ulimlea, weka picha ya kiwavi, ya jani alilokuwa anakula, na ya nondo siku aliyotoka akiwa bado mpya na kijani chake chote, zote kwa ujumbe mmoja zisipotezane.